Muulize anavyopanda mlima

"Toka sokoni mpaka kwako, unasimama mara ngapi?" Hilo ndilo swali ninaloanza nalo kila ninapomshuku mtu ugonjwa wa moyo. Huu ni mwaka wangu wa 19 katika kazi ya uuguzi hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, na sijapata swali lingine linalolishinda. Ukimuuliza mtu kama moyo unamuuma, atakujibu hapana, wala hadanganyi, kwa kuwa moyo uliodhoofika mara nyingi hauumi. Unachosha na kukata pumzi. Bukavu imejengwa juu ya miteremko. Mtu wa Kadutu, wa Cimpunda au wa Bagira hana njia ya tambarare ya kurudi kwake, kila siku anapanda, na mara nyingi ana mzigo kichwani au mtoto mgongoni. Katika nchi tajiri mgonjwa hutembezwa juu ya mkanda wa mashine ili madaktari waone moyo wake unavyohimili kazi. Sisi kipimo hicho kiko mbele ya mlango.

Ukishapata jibu, uliza la pili: na mwaka jana je? Mzee wa miaka 70 anayesimama mara mbili, na miaka yote amekuwa akisimama mara mbili, hanitii hofu. Mama wa miaka 40 ambaye Krismasi iliyopita alipanda bila kusimama, na leo anasimama mara nne huku akijifanya anasalimia watu, huyo namketisha. Tena watu huficha uchovu bila wenyewe kujua. Wanaacha kubeba, wanaanza kutuma watoto, wanapanda pikipiki hata kwa mwendo wa dakika tano. Kwa hiyo muulize na anayeishi naye.

Jirani yangu anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ndiye aliyenifundisha hayo, na kosa lilikuwa langu. Alikuja kituoni nilikokuwa nikifanya kazi, analalamika kikohozi cha usiku. Nikampa dawa ya kikohozi. Baada ya wiki tatu akarudi, nikampa antibiotiki. Mara ya tatu alikuja jioni, akavua kandambili pembeni ya kitanda, nami nikaona ukanda umeacha mfereji juu ya unyayo wake. Nikabonyeza muundi kwa kidole gumba, taratibu, nikahesabu hadi kumi, nikakiondoa. Shimo likabaki. Ungeweza kuweka punje ya mahindi ndani yake na isianguke.

Nikamuuliza analalia mito mingapi.

"Sina mito," akasema. "Ninaegemea gunia ya nguo. Nikilala chini ninakosa pumuzi."

Alikuwa amelala ameketi kwa miezi miwili, na mimi sikuwa nimeuliza.

Ni hivi: moyo ukishindwa kusukuma damu mbele, damu husongamana nyuma yake, na maji hutoka kwenye mishipa. Mchana, mtu akiwa wima, maji hayo hushuka miguuni. Usiku akilala chali hurudi kifuani na kujaa mapafuni, ndiyo maana anakohoa, anaamka saa nane akitafuta dirisha, na akiketi anapata nafuu. Ukikutana na kikohozi kinachomwinua mtu kitandani, usikimbilie sirapu. Angalia miguu yake kwanza.

Unayoweza kupima nyumbani

Bonyeza miguu yote miwili, jioni, juu kidogo ya kifundo na juu ya mfupa wa muundi. Mguu mmoja peke yake ukivimba na kuuma, fikiria damu iliyoganda kwenye mshipa, na hiyo nayo ni haraka ya hospitali. Ikivimba yote miwili, uliza uvimbe unaanzia wapi. Ukianza usoni asubuhi, macho yamefumba, mara nyingi ni figo, na kituo cha afya kinaweza kupima protini kwenye mkojo kwa kijiti. Ukianza miguuni jioni na kupanda siku hadi siku mpaka tumboni, moyo uwe wa kwanza kushukiwa, ingawa ini pia hufanya hivyo.

Kwa watoto wetu kuna mtego. Mtoto akivimba miguu, neno la kwanza hapa Bushi ni bwaki, yaani utapiamlo unaovimbisha mwili, na mara nyingi ni kweli, kwa sababu njaa tunayo. Lakini mtoto mwenye bwaki peke yake kwa kawaida hupumua kwa utulivu. Ukimwona mtoto amevimba, mbavu zinaingia ndani anapopumua na moyo unarukaruka chini ya ngozi ya kifua, usimpeleke kwenye maziwa ya lishe peke yake. Omba apimwe na moyo.

Kwa wakubwa mtego unaitwa karuho. Mtu anakohoa, anakonda mabega huku tumbo linajaa, na familia inasema amelishwa sumu. Anapelekwa kutapishwa. Simdharau anayeogopa sumu, kwa maana katika mji wetu hofu hiyo ina historia yake. Ninachoomba ni mpangilio: kabla ya kumtapisha, apimwe tansio (presha ya damu), abonyezwe miguu, asikilizwe kifua. Moyo dhaifu ukitapishwa siku tatu mfululizo unapoteza maji na chumvi za mwili kwa ghafula, na mtu anaweza kukata roho mikononi mwa watu waliotaka kumwokoa.

Mapigo ya moyo pia unaweza kuyahesabu mwenyewe. Weka vidole viwili upande wa gumba, chini ya kiganja, na uhesabu dakika nzima ukitazama saa. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Kinachonihangaisha kuliko idadi ni mpangilio: mapigo mawili ya haraka, moja limechelewa, matatu hayafanani na yaliyotangulia. Mapigo yaliyovurugika hivyo yanaweza kuzalisha donge la damu ndani ya moyo, donge likapanda kichwani, na mtu akapooza upande mmoja.

Tangu vita vilipofika mjini Februari 2025 wengi huniambia moyo unawaenda mbio. Hofu hufanya hivyo, nao hawaigizi. Lakini sisemi "ni hofu tu" kabla ya kufunua kope la chini la jicho nione kama pamepauka, kwa kuwa upungufu wa damu huukimbiza moyo. Natazama shingo pia. Kisiwa cha Idjwi, hapa ziwani Kivu, kinajulikana tangu zamani kwa rovu, na tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hauna usingizi.

Tansio, na namna inavyopimwa vibaya

Tansio, au presha, ndiyo inayoharibu mioyo mingi ya watu wazima hapa, na wengi hawaisikii kabisa. Jirani yangu alikuwa nayo miaka kadhaa bila kichwa kumuuma hata siku moja. Moyo unaosukuma dhidi ya shinikizo kubwa kila dakika hunenepa kuta, kisha hulegea.

Kuipima ni rahisi, na kuipima vibaya ni rahisi zaidi. Mgonjwa anaingia anahema toka mlimani, muuguzi anamfunga mkanda juu ya mkono wa sweta, anamuuliza habari za watoto huku mashine inajaza upepo, halafu anaandika 17 kwa 10, yaani 170/100, na kumtisha mtu bure. Fanya hivi: aketi dakika tano bila kuzungumza. Kama ana mkojo, akakojoe kwanza. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Mgongo uegemee, miguu ikanyage chini bila kupishana, mkono uwe wazi na ulale juu ya meza, usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Mkanda uwe wa saizi yake, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba ya uongo, na akina mama wengi wa sokoni wamepewa dawa kwa sababu ya mkanda mdogo. Pima, ngoja dakika moja au mbili, pima tena. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, na tangu siku hiyo utumie uliotoa namba kubwa.

Ukitumia mashine ya kupampu kwa mkono, unasikiliza kwenye kiwiko sauti ambazo daktari Mrusi Nikolai Korotkov alizieleza mwaka 1905. Pigo la kwanza unalosikia ni namba ya juu, na pale sauti zinapopotea ni namba ya chini. Shusha upepo polepole. Anayefungua kifungo chote kwa mara moja anabahatisha.

Kwetu husema 14 kwa 9, maana yake 140/90. Ikifika hapo au kupita, katika siku mbili tofauti, mtu ana ugonjwa wa tansio na anahitaji kutibiwa hata kama anajisikia mzima. Ikifika 18 kwa 12 huku kifua kinabana, pumzi inakata, macho yanaona ukungu au mdomo umekwenda upande, hakuna kungoja siku ya pili. Na aliyepewa dawa ya tansio aimeze pia siku ambayo namba imekuwa nzuri. Namba imekuwa nzuri kwa sababu ya dawa.

Koo la mtoto

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ugonjwa huu wa koo unaoishia kuharibu moyo unazuilika kwa dawa ya bei ndogo, na bado nimewaona wasichana wa miaka 16 wenye vali, yaani milango ya ndani ya moyo, zilizokwisha.

Unaanza kama anjini, yaani maumivu ya koo, ya kawaida. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 ana homa, koo jekundu, pengine na usaha mweupe, tezi za shingo zimevimba na zinauma akiguswa, lakini hana mafua wala kikohozi. Bakteria wa streptokoki ndio wanaofanya hivyo. Wazazi wengi huku wanasema kilimi kimerefuka, wanamwita mtu wa kukikata. Damu inatoka, mtoto analia, koo linapona lenyewe kama ambavyo lingepona, na kila mtu anaamini kisu kimeponya. Bakteria hawajaguswa. Wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili wa mtoto, iliyochanganyikiwa, inashambulia viungo na moyo wake mwenyewe.

Dalili za wakati huo zinasahaulika kirahisi. Goti linavimba leo, kesho goti limepona na kifundo ndicho kinauma, keshokutwa kiwiko. Watu wanasema mtoto anakua. Wengine, pengine miezi kadhaa baadaye, hushikwa na mitikisiko ya mikono na uso, kikombe kinaanguka, mwandiko unaharibika, na mwalimu anamwadhibu kwa utundu. Mtoto wa namna hiyo asikilizwe moyo kwa stetoskopu wiki ileile. Kama kuna mvumo, yaani sauti ya upepo kati ya mapigo, apigwe ekografia ya moyo, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti.

Anjini yenye dalili nilizotaja itibiwe kwa penisilini au dawa ya jamii yake kama muuguzi atakavyopanga, mpaka vidonge viishe. Ikianzishwa ndani ya siku tisa tangu koo lianze, bado inazuia homa hiyo ya viungo na moyo. Na mtoto ambaye tayari moyo wake umeguswa anapewa sindano ya benzathini penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano inauma, najua. Lakini kila anjini mpya inarudi kukwaruza vali ileile, na upasuaji wa vali maana yake ni kuvuka mto Ruzizi kwenda Kigali, nchini Rwanda, safari ambayo familia nyingi zinauza shamba kuifanya.

Kwa mtoto mchanga mtazame akinyonya. Anayenyonya kidogo, anaachia ziwa ahema, paji la uso limelowa jasho, na uzito hauongezeki, apelekwe. Ulimi ukiwa wa bluu, siku hiyohiyo.

Mama aliyejifungua

Toka mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kuzaa, moyo wa mwanamke uliokuwa mzima unaweza kulegea. Kinachotupotosha ni kwamba mama wa mtoto mchanga huchoka, huvimba miguu, hakosi sababu ya kukesha. Mama mkwe atasema ni damu ya uzazi. Swali ni lile la gunia: akilala chali anapata pumzi? Kama analazimika kuketi ili apumue, huo si uchovu wa uzazi. Aende hospitali, na aseme waziwazi amejifungua lini, kwani daktari asiyeambiwa hilo anaweza kutibu nimonia. Na kabla ya kupata mimba nyingine arudi kupimwa moyo, hata akijisikia amepona.

Kifua kinapobana ghafula

Maumivu ya mshtuko wa moyo wagonjwa huyaeleza kwa ngumi, wanaikunja na kuiweka katikati ya kifua. Yanabana au yanalemea, yanaweza kwenda mkono wa kushoto, taya, mgongoni, na mtu anatoka jasho baridi. Yakipita dakika 15 bila kuachia, usingoje. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasiwe na ngumi hiyo kabisa. Watakuwa na kichefuchefu, pumzi fupi, au unyonge usioeleweka, na familia itasema ni tumbo.

Atafune aspirini miligramu 300. Kama mna kidonge cha 500, nusu yake inatosha. Asipewe kama aspirini humdhuru, kama anatapika damu, au kama mdomo umepinda na mkono umelegea. Parasetamoli haiwezi kazi hii. Asitembee hata hatua za kwenda barabarani. Kwenye vijia vyetu ambako gari haliingii mnabeba kwa kipoyi, yaani machela, au kwa kiti cha nyumbani, na mumbebe ameketi, mgongo umeegemezwa. Nimeshuhudia mgonjwa aliyejaa maji mapafuni analazwa chali kwenye kipoyi "apumzike", na kila hatua ilikuwa inamzamisha.

Vipimo vya hospitali, na maana yake

Watu hurudi kwangu na karatasi wakiuliza zinasema nini. ECG ni umeme wa moyo: vibandiko kumi, vinne mikononi na miguuni, sita kifuani, dakika chache, hakuna maumivu. Inaona mapigo yaliyovurugika na misuli inayokosa damu. Herufi P, Q, R, S, T zilizoko juu ya mistari alizichagua Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo. Ujue kuwa ECG nzuri iliyopigwa umepumzika haikanushi ugonjwa. Kama maumivu huja ukipanda tu, mwambie daktari hivyo hata kama karatasi ni safi.

Radio ya kifua, yaani eksirei, inaonyesha moyo uliopanuka, wenye upana unaozidi nusu ya kifua, na maji mapafuni. Troponini ni kipimo cha damu cha mshtuko wa moyo. Kikichukuliwa mapema mno kinaweza kuwa safi, kwa hiyo kinarudiwa baada ya saa kadhaa, nawe usikubali kurudishwa nyumbani na kile cha kwanza peke yake kama kifua bado kinabana.

Ekografia ya moyo ndiyo inayoona vali zikifunguka na kufungwa, na kupima moyo unasukuma sehemu gani ya damu iliyo ndani yake. Asilimia 55 kwenda juu ni nzuri, chini ya 40 ni moyo dhaifu. Ya jirani yangu ilikuwa 30. Kama fedha zinatosha kipimo kimoja, mimi husema: miguu imevimba, pumzi inakata au kuna mvumo, anza na ekografia. Kifua kinabana au mapigo yamevurugika, anza na ECG. Lakini mwachie daktari neno la mwisho, na umpelekee dawa zote ndani ya mfuko mmoja, za mitishamba pia. Fishi za zamani, yaani kadi zako za matibabu, usizitupe. Daktari akiona tansio ya miaka mitatu iliyopita anajua ugonjwa ulianza lini.

Na mizani. Aliyekwisha kujulikana ana moyo dhaifu ajipime kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, na aandike. Kuongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu si mafuta, ni maji, na yanaonekana kwenye mizani kabla hayajaonekana miguuni. Jirani yangu hana mizani. Anakwenda kwa fundi cherehani wa pembeni aliyenunua moja kwa ajili ya watoto wake, anaandika nyuma ya daftari la hesabu la binti yake. Jumatatu iliyopita alinituma mtoto huyo na daftari, maana mwenyewe alikuwa sokoni. Jumamosi ya juma lililotangulia 61, Jumapili 61, siku zote za kati 61. Ijumaa 61. Kisha Jumamosi, baada ya harusi ambako walikula makayabo, samaki wa chumvi, 62. Jumapili 62 na nusu. Jumatatu 63.

Nikamwambia binti akimbie akamwite. Saa nne tulikuwa naye kwa daktari, miguu yake bado haina hata shimo, na daktari akaongeza nusu ya kidonge cha kukojoza.